Hii Inataka Programu Gani?

Katika ukoo wetu kila mtu ana alichojaliwa. Kuna shangazi anayepika pilau la watu mia mbili bila kupima chumvi. Kuna binamu mwenye sauti ya kaswida, akianza tu wanawake wanatafuta leso. Mimi nimejaliwa laptopu. Niliinunua mtumba, kwa fedha zangu, nikidhani nanunua chombo cha kazi. Kumbe nilikuwa nachukua fomu ya cheo. Tangu siku hiyo, kitu chochote chenye nukta na herufi tatu mwishoni, kikimshinda mtu kati ya Muheza na Mbagala, kinaletwa kwangu. Hawaulizi kama ninaweza. Wanauliza kitakuwa tayari saa ngapi.

Jumanne alfajiri, sijanawa hata uso, simu ikaita. Baba Mkubwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Kuna mzigo wako umepanda basi la saa kumi na mbili. Kampokee kondakta."

"Mzigo gani, Baba Mkubwa?"

"Machungwa. Na faili."

Machungwa niliyaelewa. Neno la pili ndilo lililonitoa usingizi.

Baba Mkubwa alikuwa karani wa hesabu kwenye shamba la mkonge, na ukarani haujamtoka hata baada ya mkonge wenyewe kumtoka. Ana risiti ya baiskeli aliyoinunua kabla sijazaliwa. Mwaka 2003 binti yake mkubwa alipoolewa, mzee alijiteua mwenyewe kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, kinyume cha desturi zote, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemwamini na kalamu. Na kwa kuwa mwaka huo shamba lilikuwa limeletewa kompyuta, akaichapa orodha ya michango humo, kwa vidole viwili, jioni baada ya kazi. Sasa mtoto wa yule dada yangu naye anaolewa mwezi ujao, na mzee anaitaka ile orodha.

"Nataka kujua nani alinisitiri," akaniambia. "Kikao ni Jumamosi. Ifungue, unisomee."

Kwa hiyo saa sita mchana nilikuwa kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi, nikikabidhiwa nusu gunia la machungwa. Flashi ilikuwa katikati ya machungwa, imeviringishwa gazeti, gazeti likafungwa ndani ya mfuko wa rambo. Hiyo mifuko ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019. Baba Mkubwa bado ana akiba.

Nikaichomeka flashi nyumbani. Kila folda ilikuwa imegeuka shotikati. Mtu yeyote aliyewahi kuprinti steshenari anakijua kirusi hiki: mafaili yako yanafichwa, mahali pake panawekwa vivuli vyenye mshale mdogo, na ukibofya kivuli umemkaribisha mgeni mpaka chumbani. Sikubofya. Kuna mstari mmoja wa amri wa kuyafichua mafaili yaliyofichwa, nimeukariri kuliko namba yangu ya NIDA. Nikauchapa, vivuli nikavifuta, na hatimaye likajitokeza lenyewe, peke yake: HARUSI.WPS, kilobaiti 31. Picha yake ni karatasi nyeupe isiyo na alama yoyote, kama mtoto aliyeokotwa sokoni asiyejua jina la baba yake.

Nikalibofya mara mbili. Kompyuta ikaniuliza: nilifungue kwa kutumia nini?

Swali hili linanikera kuliko maswali yote ya kompyuta. Mimi ndiye niliyekuja kuuliza! Na haiishii hapo, inakupa orodha ya kuchagulia: programu ya kuchorea, programu ya kupigia muziki, kivinjari. Yaani umempeleka mgonjwa wa jino hospitali, mapokezi wanakugeukia: "Mzee, tumlaze wodi gani, ya wazazi au ya mifupa?" Halafu pale chini kuna kitufe kinachosema "Daima". Msikibofye kitufe hicho mkiwa na hasira. Mimi nilikibofya mwaka juzi, na kwa miezi minane kila picha niliyoifungua ilikuwa inajaribu kuimba.

Siyo kwamba mikia migeni ni jambo jipya kwangu. Nilipotaka kujenga, mchora ramani alinitumia nyumba yangu ikiwa na mkia wa .dwg. DWG ni ya AutoCAD, programu ya Autodesk ya tangu mwaka 1982, na ada yake ya mwaka mmoja ingenichimbia shimo la choo na kulifunika. Kwa siku tisa nilikuwa na nyumba mkononi nisiione hata dirisha lake. Kumbe wenye AutoCAD wenyewe wanatoa kitazamio cha bure, kinaitwa DWG TrueView, unaangalia tu, hugusi. Mchora ramani alikuwa anajua. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema sikuuliza.

Mtengeneza kadi za harusi naye ni mtu wa .cdr, ya CorelDRAW, na haamini kama duniani kuna binadamu anayeishi bila CorelDRAW. "Nimekutumia kadi, hakiki majina." Nihakiki kwa kunusa? Kadi mia nne zikatoka na bwana harusi mwenye jina la mwanamke, na lawama zikaja kwangu kwa sababu nilitumiwa. Shemeji yangu yuko Muscat na iPhone yake. Akituma picha za watoto kwa barua pepe zinakuja na mkia wa .heic, aina ya picha ambayo Apple waliiingiza kwenye simu zao mwaka 2017 kwa kuwa inakula karibu nusu ya nafasi ya JPEG. Nafasi ya simu yake imepona. Mama watoto, anayetaka kuwaona wapwa zake sasa hivi, anasimama nyuma ya kiti changu na kuhema.

Halafu kuna RAR. Mtu ana video ya dakika kumi, anaikatakata vipande saba, anaifunga kwenye mizigo ya .rar, anakutumia vipande sita. Lakini RAR nimeisamehe kwa sababu ya WinRAR. Mnaijua tabia yake? Unapewa siku 40 za kujaribu. Siku ya 41 inakukumbusha kulipa. Unaifunga ile taarifa, inakufungulia faili lako. Siku ya 400, vilevile. Nimeona kompyuta ya ofisi moja ikikumbushwa hivyo tangu binti yangu yuko chekechea, na sasa yuko kidato cha pili. Mdai mwenye adabu namna hiyo simjui mwingine. Wanaoona haya kudaiwa waende kwenye 7-Zip ya Igor Pavlov, ya bure kabisa tangu mwaka 1999, na wenye Windows 11 mpya hawahitaji hata hiyo, maana tangu 2023 inafungua RAR yenyewe. Mimi bado nina WinRAR. Nimeshazoea kusalimiwa.

Turudi kwa WPS. Nikaingia mtandaoni kuuliza. Ukurasa wa kwanza ukanielimisha kwamba faili lenye mkia wa WPS ni faili ambalo mkia wake ni WPS, na kwamba ili kulifungua nitahitaji programu yenye uwezo wa kulifungua. Nikashukuru. Ukurasa wa pili ulikuwa na vitufe vinne vya kijani vilivyoandikwa PAKUA, vyote vinavuta shati, kama wapiga debe: mmoja anakupeleka Moshi, mwingine Mbeya, na wewe unakwenda Chalinze. Kitufe cha kweli huwa ni kile cha kijivu, kidogo, kimejikunyata pembeni kama kinadaiwa kodi.

Mmoja wa wapiga debe hao alikuwa ananadi programu ya kufungua mafaili yote. Yote! Picha, barua, ramani, hesabu, filamu. Programu ya namna hiyo naipa heshima ileile ninayompa mganga mwenye bango linalosema anatibu kisukari, anarudisha mpenzi na kushinda kesi za ardhi. Nilishawahi kuweka moja. Ilikuja na ndugu zake watatu ambao sikuwaalika, mmojawapo akajitangaza kuwa ni daktari, akaipima kompyuta yangu na kugundua matatizo 1,143, ambayo yote, kwa bahati nzuri, yanatibika kwa kadi ya benki.

Ninayoiamini katika kundi la walafi ni moja tu, VLC, ile yenye picha ya koni ya barabarani. Hiyo ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi, École Centrale Paris, mwaka 1996, na koni imetokana na koni za barabarani walizokuwa wakizikusanya chuoni. Wezi wa koni, kwa hiyo, lakini ukiwapa muziki au filamu ya mkia wowote wanakula. Nina VCD za sinema zetu za miaka ile, ndani yake filamu ni faili la .dat, mkia usiosema chochote kwa yeyote. VLC haikuuliza. Ilicheza. Lakini VLC ni ya sauti na picha zinazotembea. Michango ya harusi haiimbi.

Mtaniambia: weka tu hiyo ya kijani, unaogopa nini? Ninaogopa kwa sababu nina kumbukumbu. Mei 2000 barua pepe ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia, kichwa chake kinasema nakupenda, na imebeba faili la LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Barua ya mapenzi, mkia wa TXT, maandishi matupu, ina ubaya gani? Ubaya ulikuwa baada ya TXT. Kulikuwa na mkia wa pili, .vbs, mkia wa programu, ila Windows ina mazoea ya kuficha mkia inaoujua ili eti isikuchanganye. Watu wakaifungua barua ya mapenzi, ikawala mafaili, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye vitabu vyao vya anwani. Mazoea hayo ya kuficha mikia yapo mpaka leo, na kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta yoyote ninayoikalia ni kuyazima. Mwaka jana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo iliingia "kadi ya mwaliko", kubwa, ya kupendeza, mkia wake .apk. APK ni programu ya kusimikwa kwenye simu. Tangu lini mwaliko ukasimikwa? Nikaandika kwa herufi kubwa: MSIFUNGUE. Shangazi wa pilau akajibu, "Mbona mimi nimeshafungua na haina hata jina la ukumbi?"

Njia nyingine ni zile tovuti za kubadilishia. Unalipakia faili lako kwao, wanalibadilisha, wanakurudishia likiwa PDF. Kwa faili la kuomba kazi, sawa. Lakini orodha ya majina ya watu, na fedha zao, na madeni yao? Nikamuwazia Baba Mkubwa akisikia daftari lake limesafirishwa kwenda kubadilishwa nchi nisiyoijua, kwa watu nisiowajua, bila hata barua ya kuomba ruhusa. Nikaifunga tovuti.

Jumatano nikaenda steshenari. Kijana wa pale ananiita mzee, jambo ambalo tumeshindwa kulimaliza.

"Hiyo ndogo tu, mzee. Tunabadilisha mkia."

Akabofya, akafuta WPS, akaandika DOCX. Kompyuta ikamwonya kwamba faili linaweza kuharibika, akalipiga onyo lile kibao bila kulisoma. Akalifungua. Likakataa. Akaandika PDF. Likakataa. Akaandika JPG, sijui kwa imani gani. Ukiandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, chai itakuumbua tu. Akanitoza elfu mbili. Nikamuuliza elfu mbili ya nini, akasema ya ufundi.

Ajabu ni kwamba kuna mafaili ambayo ujanja wa mkia unayafaa, ila si kwa namna ya kijana yule. Chukueni dokumenti yoyote ya .docx, ile aina iliyokuja na Office ya 2007. Toeni nakala, nakala ipeni mkia wa .zip, halafu ifungueni. Ndani mtakuta folda juu ya folda, na picha zote mlizozibandika kwenye barua zimelala humo katika folda ya media, safi. Docx ni mfuko uliovalishwa tai. Hili nililijua siku niliposaidia kutoa picha thelathini kwenye ripoti ya mtu dakika mbili tu, akanitazama kama nimetoa sungura kwenye kofia, na hakunilipa.

Ujanja huo una kanuni yake: faili halijifichi kwa kubadilishiwa mkia, kwa sababu jina lake la kweli limeandikwa kifuani. Ukilifungua faili kwa Notepad, ile programu duni ya maandishi matupu ambayo haina makuu, unaona takataka nyingi, lakini herufi za mwanzo kabisa zinasema ukoo wake. PDF inaanza na %PDF. Mfuko wa ZIP unaanza na PK, na hizo ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeutengeneza. Docx nayo, kwa kuwa ni mfuko, inaanza na PK. Programu ya Windows inaanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. Kwa hiyo ukiletewa "picha ya bibi harusi" halafu kifuani imeandikwa MZ, usimkaribishe ndani huyo bibi harusi.

Usiku wa Jumatano nikalifungua HARUSI.WPS kwa Notepad. Kifua kilikuwa vibonye vitupu. Nikashuka. Vibonye, miraba, alama za Kigiriki, nafasi tupu. Nikashuka tena. Ghafla nikaona maneno, herufi zimeachana kama meno ya mzee: m c h e l e. Mchele! Moyo ukanidunda. Mzee alikuwa humo ndani, mzima, anaonekana kwa tundu la ufunguo. Na karibu na mwisho, katikati ya takataka, herufi zilizoshikana: MSWorks.

Binti yangu alikuwa anapita kwenda kunywa maji.

"Baba, si WPS hiyo? Mbona ninayo kwenye simu."

Hapa ndipo wenye kutengeneza programu walipotutenda. Kuna WPS ya Kingsoft, Wachina, ambayo iko kwenye simu nyingi sana, inafungua dokumenti za kila siku, na ina faili lake lenye mkia wa .wps. Na kuna .wps ya Microsoft Works, iliyokuwa inakuja imeshawekwa kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, mdogo maskini wa Office, ambaye Microsoft walishamzika zamani. Mikia ni ileile, damu mbalimbali. Kumpa huyu faili la yule ni kama kwenda kwa Juma wa Kariakoo kudai fedha uliyomkopesha Juma wa Kigoma. Juma wa Kariakoo hana kosa lolote. Nikamweleza binti yangu yote haya, na historia ya Works. Alikuwa ameshaondoka zamani. Maji aliyaacha mezani.

Lakini jina la ukoo nilikuwa nimelipata, na ukishajua ukoo unajua pa kubisha hodi. Walio na huruma na mafaili ya marehemu ni LibreOffice. Hii ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice, ni ya bure, na mpaka leo inasoma Works, inasoma .cdr ya yule mtengeneza kadi kwa kiasi chake, na inasoma takataka nyingine ambazo wenyewe waliozizaa wamezikana. Tena sisi na OpenOffice tulikuwa na udugu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulitoka Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikizungumza Kiswahili, menyu zote. Nilipoiona mara ya kwanza niliona haya, kama mtu aliyesalimiwa sokoni na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Tungeishikilia, leo kompyuta ingekuwa inanikera kwa lugha yangu.

LibreOffice ina zaidi ya megabaiti 300. Wanaosema programu ni ya bure ni watu wasionunua bando. Nikasubiri bando la usiku, nikaanza kupakua saa sita na robo. Kwenye asilimia themanini na kitu umeme ukakatika, ruta ikazimika, na mimi nikakaa gizani nikila machungwa ya Muheza, nikihesabu ni nani katika ukoo huu aliyewahi kuniuliza habari ya bando. Ulirudi saa tisa. Nikaanza upya. Adhuhuri ya Ijumaa, macho yamekuwa pilipili, nikalibofya HARUSI.WPS.

Likafunguka. Hivihivi tu. Bila swali, bila onyo, kama mlango ambao siku zote ulikuwa unafungukia upande mwingine.

KAMATI YA HARUSI, 2003. MAHESABU. Mzee hakuwahi kujua jedwali. Nafasi zote kati ya majina na fedha alizipanga kwa kubonyeza kile kitufe kirefu, mara ishirini, mara thelathini kwa kila mstari. Kwenye mashine yake zilikaa wima kama askari. Kwangu, kwa kuwa herufi zimebadilika unene, zilikuwa zimelewa: fedha za huyu zimesogea chini ya ahadi ya yule, jumla imeingia kwenye mchele. Nikaanza kuzinyoosha moja moja, na wakati nanyoosha nikawa nasoma, na kwa kweli niliburudika. Kuna mjomba aliahidi mbuzi akatoa kuku. Kuna jirani aliyeandikiwa "alikula, hakuchanga". Kuna mwenyekiti wa kamati mwenyewe, amepigiwa mstari mara mbili. Nilicheka mpaka mama watoto akaja kuangalia kuna nini, nikamwita akae, nikamsomea kwa sauti.

Tulifika mstari wa 27 yeye akiwa ametangulia kwa macho.

"Huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Jina kamili, mpaka la babu. Ahadi: 50,000. Alitoa: 10,000. Bakaa: 40,000. Na pembeni, katika nafasi ya maelezo, ambayo haikulewa hata kidogo bali ilisimama wima kabisa: "Amesema mwisho wa mwezi."

Nikaikumbuka ile siku. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa haujatoka, nikashika kipaza sauti mbele ya wasichana wa upande wa bwana harusi, na mdomo ukanizidi umri. Mama watoto akainuka bila kusema neno, ambayo ni njia yake ya kusema mengi.

Nilikaa na laptopu kwa muda. Nakiri kwamba nilifikiria mambo. Flashi ni kitu kidogo, inaungua. Faili lililotoka 2003 lina haki zote za kugoma, na katika ukoo mzima hakuna wa kunipinga, kwani mtaalamu ni nani? Nusu saa baadaye simu ikaita yenyewe.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Imefunguka?"

"Imefunguka, Baba Mkubwa. Ila unajua haya mafaili ya zamani... mistari imevurugika. Tarakimu zenyewe si za kuaminika sana."

"Mstari wa ishirini na saba unasemaje?"

Nikasikia jogoo wake anawika huko Muheza.

"Baba Mkubwa, kwani unaukumbuka?"

"Niukumbuke wa nini, ninao hapa mkononi. Niliitoa kwenye karatasi siku ileile, nakala tatu."

"Sasa, Baba Mkubwa, kama karatasi ulikuwa nayo, flashi ya nini?"

"Ningekusomea mimi ungesema mzee amezeeka, anachanganya. Nikasema akaisome mwenyewe, kwenye mashine yake." Akakohoa, akageuza karatasi, nikaisikia inavyochakarika. "Sasa hiyo elfu arobaini unaituma kwa simu, au na yenyewe inataka programu?"